Vipepeo wa Alama Nyekundu

Kila aliyeniuliza ninafanya kazi gani alicheka kwanza, kisha akataka nirudie. Nakamata vipepeo, nilisema. Nawatia alama ya rangi bawani, nawaachia, halafu kesho yake nawatafuta tena nione wamefika wapi. Vijana wa bodaboda pale Nagongera walikuwa na mzaha mmoja waliouona mtamu kupita kiasi: eti vipepeo wetu huvuka mpaka wa Busia bila kuonyesha kitambulisho. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya ishirini nilimwambia mmoja wao azime pikipiki anisikilize. Kipepeo ninayemshughulikia mimi, nikamwambia, ni mdogo kama sarafu, ana rangi ya udongo, huruka chini chini kwenye nyasi, na hatujawahi kumwona amevuka hata barabara hii ya vumbi unayopita wewe kila siku. Akawasha pikipiki yake akaenda zake.

Aliyeniajiri alikuwa binti wa Kenya, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuja kufanya utafiti wa shahada yake. Alipanga chumba Nagongera. Hakujua neno hata moja la Kidhopadhola, lugha ya huku, kwa hiyo alitafuta mwanamke mwenye Kiswahili na asiyeogopa kuloa umande. Mimi nilizaliwa Busia, upande wa Kenya, nikauza mitumba pale mpakani miaka mingi kabla ya kuolewa huku Tororo, upande wa Uganda. Kiswahili ninacho. Na mikono iliyozoea kukunjua blauzi laini bila kuzitoa nyuzi ilijifunza upesi kushika bawa bila kulipangusa unga wake. Aliniita anti. Mimi nilimwita madam, ingawa ningeweza kumzaa.

Swali lake lilikuwa jepesi kulisema. Zamani nyasi zilikuwa zimeungana kutoka huku hadi Nabuyoga na kwingineko. Sasa zimebaki vipande vipande, katikati kuna muhogo, mahindi, nyumba na barabara. Je, kipepeo wa kipande hiki anaweza kufika kipande kile? Kama hawezi, kila kipande kikiharibika, waliomo watakwisha palepale na hakuna wa kuja kuchukua nafasi yao. Tulikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza kilikuwa mteremkoni chini ya mwamba, shamba la nyasi za kuezekea la mama mkwe wangu. Wa pale tuliwatia alama nyekundu. Cha pili kilikuwa ukingoni mwa kinamasi, chini kidogo ya nyumba yake. Hao walikuwa wa buluu. Cha tatu kilikuwa nyuma ya kanisa, ng'ambo ya barabara, mwendo wa karibu nusu saa kutoka mwambani ukiwa na miguu yangu. Hao walikuwa wa kijani. Kila mmoja alikuwa pia na namba yake, imeandikwa kwa kalamu ya wino usiotoka kwa maji.

Wekundu walikuwa wengi kuliko wote, kwa kuwa nyasi za mama mkwe zilikuwa bora kuliko zote. Miezi mitatu tuliwakamata na kuwaachia, na tukawapata tena mara kwa mara, lakini palepale mteremkoni. Mwekundu hata mmoja hatukumpata kwa wa buluu wala kwa wa kijani. Madam alianza kukonda. Hakuwa analilia jibu fulani, aliniambia, ila alitaka kuwa na hakika kabla likizo yake ya masomo haijaisha na mvua hazijafunga njia.

Lazima nieleze habari ya lile shamba. Mama mkwe wangu hataki mabati kwenye jiko lake. Anasema bati linapika mpishi pamoja na chakula. Kwa hiyo ule mteremko haulimwi, nyasi zinaachwa zirefuke, na kila miaka michache zinakatwa, jiko linaezekwa upya. Mwaka ule ilikuwa zamu ya kukata. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba asubiri hadi kazi ya madam iishe.

"Kama iko kazi yako, wacha ikae," alinijibu. Yeye na mimi tulianza kuzungumza kwa Kiswahili cha sokoni siku nilipoletwa kwake, nilipokuwa sijui lugha yake, na hatujawahi kukiacha. "Mvua ikija mimi naweka sufuria pale inadondoka."

Nikarudi kwa madam, nikampa neno langu kwamba nyasi hazitaguswa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisha akafariki mdogo wake marehemu baba mkwe, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka kwa mama mkwe. Madam siku hizo alikuwa Nairobi kuonana na walimu wake. Jioni ya siku ya kwanza ukoo ulikaa kugawana kazi, kama ilivyo desturi. Nani ataleta kuni, nani maji, nani sufuria kubwa za kukodi. Mke wa nyumba akisimama katika kikao kile akasema "jambo hili ni langu," limekuwa lake. Hatembelewi kuulizwa mara ya pili, na akishindwa litasimuliwa hadi wajukuu wake waolewe.

Mzee wa ukoo akasema waombolezaji watakuwa wengi, jiko la mama linavuja, tena panahitajika kibanda cha wapishi kando yake. Nani ana nyasi? Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hajawahi kunisamehe kwa kutoka Busia, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Huyu wetu tusimsumbue. Yeye ni mtu wa vipepeo."

Wanawake wakacheka ndani ya leso zao. Si kicheko kikubwa, tulikuwa msibani, lakini nilikisikia chote.

Niliweka sinia chini nikasimama. "Nyasi ni zangu mimi," nikasema. "Za paa la jiko na za kibanda. Matita thelathini. Kesho kabla ya saa nne."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee akasema asante, binti, akapita kwenye jambo jingine. Nilimtazama wifi, naye akatazama kucha zake, nami nikaketi nikijihisi mrefu kama mnara wa simu. Nilipokuwa nasuuza vikombe, mikono majini, ndipo nilipokumbuka hizo nyasi ni zipi.

Mtu atauliza kwa nini sikusimama tena nikasema nimekosea. Nami nimejiuliza. Nyasi za kinamasi haziezeki, zinaoza kabla ya kukauka; za kanisa ni za kanisa. Kwa hiyo kusimama tena kulikuwa na maana ya kusema mbele ya ukoo mzima, na mbele ya wifi, kwamba kweli mimi ni mtu wa vipepeo. Sikusimama. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa na hofu.

Kwetu nyasi hukatwa alfajiri, zikiwa na umande, kwa sababu wakati huo hazivunjiki na jua halijakuunguza mgongo. Tulifika wanawake kumi na mmoja na miundu yetu. Nilikata kuliko wote, ili nisipate nafasi ya kutazama. Vipepeo wa aina hiyo hawawezi kuruka kabla jua halijawapasha moto. Hung'ang'ania jani wakisubiri. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimefundishwa na kuandika daftarini kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hata hivyo nilikata, nikafunga, nikawatwika wenzangu, na ilipofika saa tatu na nusu mteremko ulikuwa visiki vitupu na matita ya mwisho ya yale thelathini yalikuwa yanashuka njiani kwenye vichwa vya wanawake. Nilibaki nyuma kidogo. Sikuona kipepeo hata mmoja. Nilisema pole kwa sauti, kisha nikaona aibu kwa kuzungumza na shamba.

Jiko liliezekwa, marehemu akazikwa, watu wakala wakashiba. Kila aliyepita alisifia paa. Sikuwa na raha nalo.

Jumatatu yake nilichukua wavu, ambao tuliushona kwa kipande cha chandarua, nikaenda kinamasini. Sikutegemea chochote. Nilitaka tu kuonekana nikifanya kazi, hata kama anayenitazama ni mimi mwenyewe. Nilikamata wa buluu mmoja, wa pili, wa tatu. Aliyefuata alikuwa mwekundu.

Nilimtazama mpaka macho yakaniuma. Nilisoma namba mara mbili kwa sauti, kama tulivyofundishwa, nikaandika, nikampiga picha, nikamwachia. Kabla ya saa sita nilikuwa nimepata wekundu watano. Nikakaa kwenye kichuguu nikacheka peke yangu. Hawakufa! Walifukuzwa kwao, wakaruka, wakafika. Nilimtumia madam picha zote kwa simu, na chini yake nikaandika kwamba nyasi za mwambani zimekatwa kwa ajili ya msiba na vipepeo wamehamia kinamasini. Niliandika hivyo, nyasi zimekatwa, kana kwamba zilijikata zenyewe.

Haikupita dakika moja sauti yake ikaingia kwenye simu, anapiga kelele hadi nikaiweka mbali na sikio. "Anti! Wacha! Watano? Wamevuka muhogo wote ule? Hii inabadilisha kila kitu! Kesho asubuhi nakaa na maprofesa wangu, nitawaambia!" Kuhusu nyasi hakuuliza neno. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikapitia kwa mama mkwe nimsaidie kubangua karanga.

Tulikaa mlangoni mwa lile jiko jipya. Nilimsimulia habari njema. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Mimi nilijua wewe nafurahi. Ile siku ya nyasi, tita ikitupwa chini hapa, hiyo wadudu yako inatoka ndani. Moja, mbili, inatembea kwa ukuta, baridi imeishika. Ingine iko na rangi nyekundu. Nikasema, hii ni kazi ya bibi ya kijana yangu, kuku itakula. Mimi nachukua pole pole kwa kiganja, napeleka kule chini kwa majani. Nimekwenda mara nyingi. Wifi yako ananicheka."

Karanga niliyokuwa nayo mkononi sikuibangua.

"Umewapeleka wewe, mama?"

"Mimi. Na hii mkono."

Akanionyesha kiganja, amejaa fahari. Mwanamke wa umri ule, siku ya msiba wa shemeji yake, nyumba imefurika watu, ameacha sufuria akashuka hadi kinamasini na kurudi, tena na tena, kuokoa wadudu kwa sababu ni wangu. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote. Na papo hapo nilielewa kwamba wale watano hawakuruka popote. Walipanda vichwani mwa wanawake, wakamaliziwa safari kwenye kiganja cha mama mkwe. Na kesho asubuhi madam angesimama mbele ya walimu wake kusema wamevuka.

Sitajifanya mwema. Nilifikiri kunyamaza. Mama mkwe na madam hawana hata maneno ishirini ya kuelewana. Wifi hana haja na mambo hayo. Hakuna ambaye angejua. Nilifikiri hivyo kwa muda wa bakuli zima la karanga. Mama mkwe akaniuliza kwa nini uso wangu umebadilika, na badala ya kumdanganya nikamweleza yote: neno nililompa madam, kikao, kicheko cha wanawake, nilivyosimama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe iko mjinga," akasema. "Kwa nini hukusema kwangu? Mimi ningepika chini ya turubai. Mvua ningekula mimi. Nani amekwambia mimi nataka paa kuliko wewe?"

Nikalia hapohapo juu ya karanga. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia madam.

Nilimwambia kila kitu bila kupumua: kwamba mimi ndiye niliyetoa nyasi, kwa mdomo wangu, kwa kiburi, kwamba nilikata kwa mkono wangu, kwamba wale watano walibebwa. Kisha nikasikia akivuta kamasi.

"Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima," akasema.

"Pole, madam. Pole sana. Nifukuze tu."

"Anti, nikufukuze halafu nibaki na nani?" Akapenga kamasi. "Hasira ninazo. Nimekasirika kabisa. Lakini kama ungeniambia wiki ijayo badala ya leo..." Hakumalizia. "Hao watano tunawafuta. Sasa niambie vizuri, hayo matita yalipita wapi?"

Nikamweleza: kutoka mwambani, kwa njia ya chini, moja kwa moja hadi kwa mama mkwe.

"Upande wa kanisani?"

"Hakuna tita lililopita upande wa kanisani. Hata moja."

"Basi nenda kanisani," akasema. "Nenda kila siku. Nikirudi Alhamisi tutakwenda wote."

Usiku ule nililala, jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa bado nadaiwa vipepeo, lakini sikuwa tena na cha kuficha, na hilo peke yake lilinitua mzigo mzito.

Jumanne nilipata wa kijani tu. Jumatano mvua ilinyesha asubuhi, mchana nikapata wa kijani wachache na wawili wasio na alama. Nilianza kuwachukia wa kijani, ambao hawakunikosea lolote. Alhamisi madam alishuka kwenye bodaboda akiwa na mkoba mgongoni, akanikumbatia kwanza kabla ya kusema neno, kisha akasema, "Bado nimekasirika," nami nikasema najua, tukaingia kwenye nyasi. Hatukupata kitu. Vipepeo hawa huishi wiki chache tu. Kila siku iliyopita iliwapunguza wekundu popote walipokuwa, kama walikuwa popote.

Ijumaa jua lilitoka mapema. Madam alikuwa upande wa ukuta wa kanisa, mimi nilikuwa karibu na msingi wa nyumba ya kasisi ambao uliachwa bila kujengwa. Kipepeo alitua kwenye bua la nyasi mbele yangu, bawa moja limechanika pembeni. Nikamfunika na wavu bila pupa. Nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba sitaita kitu chochote jina mpaka nimekisoma, kwa hiyo nilimtoa taratibu, nikamgeuza kwenye mwanga. Doa lilikuwa limepauka. Nikalitazama kwa jicho la kulia, nikalitazama kwa la kushoto. Lilikuwa jekundu. Namba ilisomeka yote.

"Madam," nikasema. "Madam, njoo na daftari."

Alikuja mbio. Nikasoma namba mara mbili. Alifungua kurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama. Aliyemwandika ni mimi, mwambani, siku nne kabla ya nyasi kukatwa. Madam akauvuta mkono wangu karibu, akamtazama kipepeo mwenyewe, akarudi kwenye daftari, akarudi kwa kipepeo. Kisha akainua kichwa akatazama kule tulikotoka: mashamba ya muhogo, kijito, nyumba tatu na miti yake, barabara ya vumbi, na mwamba mbali nyuma yake.

"Hakuna aliyembeba huyu hadi huku?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Una hakika, anti?"

"Njia hii hatukupita. Mama mkwe hajafika huku tangu Pasaka."

"Basi hata kama alianzia kinamasini, huku amekuja mwenyewe," akasema, akakaa chini kwenye majani yaliyoloa na suruali yake nzuri.

Nilifungua vidole. Kipepeo akakaa kidogo kwenye kucha yangu, akaondoka na bawa lake lililochanika, chini chini, kama ilivyo kawaida yao. Ndipo nilipopiga kelele. Sikuipanga. Ilikuwa imekaa ndani tangu siku ya vile vikombe, na ilipotoka ilitoka kwa sauti ileile ambayo wanawake wa kwetu huitoa wakiletewa habari mbaya, maana sauti nyingine kubwa kiasi hicho sikuwa nayo. Mama aliyekuwa anafagia kanisa akatoka mbio, ufagio mkononi, kitambaa kimemwanguka kichwani.

"Nani amekufa tena?" akauliza. "Jamani, nani?"

"Hakuna, mama," nikamwambia, machozi yakinishuka hadi shingoni. "Hakuna aliyekufa."